Wasifu Ulionielekeza Kuandika

Dada yangu mpendwa,

Na bado sijamaliza. Simu uliikata nikiwa katikati ya maneno, lakini barua haikatiki, kwa hiyo utanisoma mpaka mwisho. Hata hivyo hasira isininyime adabu: hujambo? Shemeji hajambo, na wanangu hao watundu? Sisi wazima kabisa, na mimi nimenenepa kwa raha. Ndoa ni tamu, dada! Mume wangu akinyoosha kitambaa cha kochi kwa kiganja chake, mimi niliyeingia karakanani kuchukua mkasi nasahau hata nilichofuata.

Sasa sikiliza. Nilipokuomba unisaidie kuandika wasifu wa kuombea kazi, wewe katibu mzoefu wa ofisi, nilikutii kama mtoto wa darasa la kwanza. Ulisema kurasa zisizidi mbili, nikapunguza. Ulisema nisijiite mchapakazi na mwaminifu kama kila mtu, bali nieleze nilichofanya. Nikaeleza nilivyopokea wateja kwenye karakana ya makochi ya mume wangu, nilivyopanga oda zao, nilivyowatuliza waliocheleweshewa mpaka wakaondoka wakicheka. Ulisema kazi ya karibuni itangulie, shule ifuate. Yote hayo mazuri, ahsante.

Kisha ukasema kwenye hali ya ndoa niandike sijaolewa, maana waajiri wanawakwepa maharusi, leo harusi kesho likizo ya uzazi. Na kwenye wadhamini nimweke "huyo fundi", kama bosi wangu wa zamani tu, nani atajua. Huyo fundi! Hata kumwita shemeji kulikushinda.

Nikaandika. Mume wangu nikamwambia anaweza kupigiwa simu kuulizwa utendaji wangu. La ndoa sikumwambia.

Basi nikaitwa kwenye usaili, mapokezi ya duka kubwa la samani. Pete niliivua nikaificha kwenye pochi. Ndani nilimkuta meneja na mama mmoja wa utumishi, na wakanisifu kweli. Meneja akasema wasifu wangu ndio pekee aliousoma mpaka chini. Halafu akachukua simu, akaweka sauti ya wote kusikia, akampigia mdhamini wangu papo hapo.

Nikasikia cherehani ikinguruma. Mume wangu akanimwagia sifa mpaka yule mama akatabasamu. Ndipo meneja akamuuliza kama ana hakika binti huyu hana mume, maana wao wamechoka na wafanyakazi wenye majukumu ya nyumbani.

Cherehani ikanyamaza. Halafu mume wangu, mwanamume aliyenishika mkono siku ya harusi kama ameshika yai, akasema taratibu kwamba ndiyo, hajaolewa.

Nilisimama kiti kikaanguka. Nikamwambia meneja kwamba huyo anayeongea naye ndiye mume wangu, tena bado yuko hewani, na kama majukumu ya nyumbani ni kosa, atuambie na kwake anafuliwa na nani. Yule mama akakohoa kuficha kicheko. Meneja akasema nimewadanganya. Hilo nikalikubali, nikaomba radhi, nikaokota kiti na kutoka. Pete niliivaa kwenye ngazi, machozi ya hasira yakinitiririka. Kazi ikaenda hivyo.

Nyumbani nilimkuta ameketi juu ya kochi lisilo na kitambaa. Nikamfokea kwa nini amenikana. Akasema alidhani ndivyo ninavyotaka, kwamba labda na mimi nimeanza kumwonea haya. Nikamuuliza hiyo "na mimi" inatoka wapi, nani mwingine anayemwonea haya. Nilimbana mpaka akasema.

Dada, kumbe siku ya harusi yangu ulimvuta nyuma ya jukwaa ukamwomba kwamba wakuu wako wa kazi wakimuuliza, ajitambulishe kama mfanyabiashara, asitaje makochi! Na yeye akakubali, kwa kukuheshimu, akanificha jambo hilo ili nisigombane nawe. Mimi huku nacheza muziki nikijiona malkia, kumbe mume wangu amekwisha kukatazwa kuitaja kazi yake. Hapo ndipo nilipokupigia, na hapo ndipo ulipokata.

Wasifu nimeuandika upya. Hali ya ndoa nimeiondoa, haimhusu mwajiri. Mdhamini ni mwalimu mkuu tuliyemshonea viti vya ofisi, naye amekubali. Mengine yote uliyonifundisha nimeyaacha palepale, kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu nakupenda hata nikiwa nimevimba hivi.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto. Kabla ya mwezi huu kwisha tutakuja kwako, mimi na mume wangu. Waalike na hao wakuu wako. Safari hii utamtambulisha wewe, kwa mdomo wako: jina lake, kwamba anashona makochi, na kwamba ni shemeji yako.

Mdogo wako,
mke wa fundi