Kombi Iliyopita Mikononi Mwako

Baba Rehema,

Nimekaa barazani, mikono bado inanuka kutu, na sijui nianze na salamu au nianze kukugombeza. Salamu utazipata mwishoni. Ukiona herufi zimekaa upande upande usicheke. Mie shule sikuikanyaga, herufi ulinifundisha wewe kwa namba za magari ya wateja wako, kwa hiyo makosa haya ni ya mwalimu.

Mume wangu, umenishtua. Tumekuzika, watu wamekula wameondoka, nami nikajua mambo yako yote nimeshayamaliza. Kumbe!

Sikiliza. Neema, mjukuu wako, ameacha kazi ya dukani. Anataka kombi. Si ya abiria, la. Zile za zamani zenye kitanda ndani, jiko la gesi na paa linalonyanyuka kama mwavuli. Anasema atapeleka watu mbugani, walale humo humo, awapikie. Nikamuuliza, mtu mwenye akili zake anakodi gari akalale? Akasema, "Bibi, wapo, tena wengi." Na yeye atalala humo, huko porini, na nusu ya roho yangu iko ndani ya yule mtoto. Nikasema haendi kuitazama bila mie.

Muuzaji yuko Segerea, jamaa mmoja ana kitambi na maneno matamu. Shikamoo nyingi. Akapiga bodi kofi, akasema, "Mama, hii si gari ya kubahatisha. Bodi yote ilishikwa na marehemu Fundi Mponda wa Temeke. Muulize yeyote." Hakujua anaongea na nani. Neema akanifinya mkono, machozi yanamlengalenga. Jina lako, Baba Rehema, upo udongoni na bado linauza gari! Nikavimba kama andazi.

Lakini nikafanya kama ulivyokuwaga unafanya watu wakikuita uwatazamie gari. Injini niliigusa kwa kiganja kabla hajaiwasha. Ya baridi, vizuri, maana ulisema anayeipasha moto kabla hujafika ana la kuficha. Neema nikamsimamisha nyuma atazame moshi. Ukatoka mweupe kidogo, ukaisha. Nikapanda kitandani na miguu yangu hii mibovu, nikalala, nikanusa godoro. Halina uvundo wa mvua. Turubai la paa nikalipapasa kwenye mikunjo, halijachanika. Mpira wa gesi umepasukapasuka, nikasema huu unatupwa, na asiwashe mtu kiberiti humu mpaka uje mpya. Namba ya chasisi nikaisoma mwenyewe, herufi kwa herufi, ikalingana na ya kwenye kadi. Yule jamaa akaniuliza, "Mama, ulikuwa polisi?" Nikamwambia nilikuwa mke wa mtu.

Ikabaki sumaku. Ile yako uliyoitoa kwenye spika ya redio, na kitambaa chake isikwaruze rangi. Mlangoni ikashika. Ubavuni ikashika. Nikainama kwenye kizingiti, pale chini ya mlango wa kuvuta, ambapo ulisema ndipo gari inapojishikilia.

Sumaku ikaanguka.

Nikasema labda nimeiweka vibaya. Nikairudisha. Ikaanguka.

Fila, Baba Rehema! Ule udongo wenu wa kuzibia mashimo. Jamaa akacheka, akanipa bisibisi, "Chokoa tu mama, hicho ni chuma cha Mponda." Bisibisi ikazama kama kwenye ugali. Kipande kikamomonyoka, kitambaa kikachungulia. Nikavuta. Kikaja kirefu, kimekauka kwa kutu. Chekundu. Michoro ya korosho, myeusi.

Nilikaa chini mchangani pu!

Khanga yangu. Ya ile doti uliyoninunulia Rehema alipozaliwa. Moja ilipotea kambani, ukaniambia mbuzi wa jirani kaila. Ukanionyesha na mbuzi mwenyewe, "Muone, bado anatafuna!" Yule mbuzi nilimchukia mpaka alipochinjwa, na nyama yake niliila kwa hasira. Na khanga ya pili, pacha wa hii, ndiyo niliyokufunika nayo pale hospitali ya Mwananyamala ulipokata roho. Niliiweka sandukuni. Sijaifua.

Wewe! Wewe uliyekuwa unawafokea wenzako, "Kutu kata! Ukiipaka rangi umeifuga." Wewe uliyemfukuza mtu gereji kwa kuziba tundu kwa gazeti. Ukaanua khanga yangu, ukaisokomeza humo, ukapaka, ukapiga rangi, ukaja nyumbani ukala wali wangu.

Nimekutafutia sababu njia nzima ya kurudi. Labda ni wiki ile Rehema amelazwa. Labda mwenye gari alikusimamia kichwani. Labda ulichoka tu. Ungeniambia umechoka. Mie ningekataa kuelewa mchoko?

Yule jamaa jasho likamtoka. "Mama, huyo atakuwa fundi mwingine aliyekuja baadaye." Akanipa mlango, unaona? Ningepita hapo na jina lako lingebaki safi, na Neema angebaki na babu yake vilevile. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Lakini kizingiti cha upande wa pili tulikuwa hatujakigusa. Neema angekiamini kwa jina lako, akalale juu yake porini.

Nikasema, "Neema, si fundi mwingine. Ni babu yako. Hii khanga ni yangu."

Akachukua sumaku mkononi mwangu, akazunguka, akapiga magoti, akaipitisha upande wa pili kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikashika kote. Akakwangua rangi kidogo, nikauona mshono wako wa kuchomelea, umepangana kama meno ya kitana. Upande mmoja ni wa fundi, upande mmoja ni wa mbuzi. Neema, kisa cha mbuzi kakisikia kwangu tangu mdogo, akanitazama, akasema, "Bibi... mbuzi?" Akaanza kucheka, nami nikacheka, tukalia palepale mbele ya mwenye kitambi.

Kombi ataichukua. Ila haitoki Segerea mpaka kizingiti kile kikatwe chote. Nakuahidi, nitakaa hapo na kigoda changu mpaka bati jipya liingie, na fundi atakayenitolea kitambaa nitamvua shati nimzibe nalo mdomo. Wakiuliza bodi kaishika nani, Neema aseme babu yake, upande ule. Upande huu aseme bibi yake.

Khanga nimeiloweka. Kutu haitoki yote, basi. Nimeitoa na pacha wake sandukuni, nimezianika pamoja kambani.

Salamu zako hizi hapa: bado nakupenda, mwongo wewe. Lala. Na yule mbuzi, ukikutana naye huko, muombe radhi. Mwambie na mie nimesema.

Mama Rehema