Bilauri Niliyoimaliza Itigi

Shangazi,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia. Hata ulipokuwa hai hukujua kusoma. Mimi ndiye niliyekusomea barua za mume wangu Yohana kutoka Itigi, wewe ukipepeta mtama na kuniambia nirudie pale alipokusalimu. Lakini nimefanya jambo linalonitia kinyaa mpaka leo, na hapa Ilongero hakuna mwingine wa kuelewa ubaya wake wote. Wewe ungeelewa. Watu walikuita kwenye kila harusi uonje pombe kabla wageni hawajakaa, na hukumdanganya mtu hata mara moja, hata mke wa jumbe.

Mwezi wa pili baada ya kukuzika nilimfuata Yohana Itigi. Alikuwa bado mpishi wa yule Mjerumani, Bwana Karli, fundi wa pampu na injini. Bwana huyo alikuwa huku tangu zamani za Wajerumani, vita vikamwondoa, kisha Waingereza wakamruhusu kurudi. Kiswahili chake ni cha wakati ule, kama cha askari. Si mtu mbaya, Shangazi. Ningependa angekuwa mbaya, ningeona aibu kidogo.

Kitu alichokipenda kuliko injini zake ni bia. Hakutaka ya kununua. Alileta shayiri na maua makavu machungu kutoka kwao, yakaja na treni kwenye magunia, akapika mwenyewe nyuma ya nyumba. Aliiita pilsna. Alisema kwao bia hiyo hulala kwenye baridi kali wiki nyingi ndipo hukomaa. Itigi baridi hiyo utaipata wapi? Akachimba shimo refu chini ya stoo, akaliezeka kwa magunia yaliyolowa, na Yohana akawa anayamwagia maji asubuhi, mchana na jioni. Hayo yote niliyapenda. Nilifikiri, huyu naye ana mkono kama wa Shangazi.

Yohana, kwa kutaka sifa, alimwambia kwamba nimelelewa na mwonjaji wa pombe. Basi Jumapili moja mchana, siku ya kufungua pipa, nikaitwa. Barazani walikuwepo Mwingereza wa reli na mkewe. Yule Mwingereza alikumbusha kwamba sheria inamkataza mtu mweusi bia ya kizungu. Bwana Karli akajibu kwamba kuonja si kunywa, wakacheka. Mimi nilisimama na leso yangu ya kanisani kichwani, wananitazama kama ndama wa mnadani.

Kisha Bwana Karli akaacha kucheka. Akanisogezea bilauri, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, hawa wanasifu kwa sababu wanakunywa bure. Wewe niambie kweli."

Nilifanya kama ulivyonifundisha. Niliitazama kwanza. Nakwambia, kwa macho ilikuwa nzuri. Rangi ya asali changa, maji yake yanaonyesha mpaka upande wa pili, povu jeupe limekaa juu bila kuanguka. Sisi pombe yetu ni nzito, ina machicha, inashibisha. Hii ilikuwa kama kitu cha kuoshea macho. Nikaileta puani. Nikaishusha, nikaileta tena.

Haukuwa uchungu wa yale maua ulionishtua. Uchungu niliutegemea. Chini yake kulikuwa na harufu nyingine, na niliijua kabla sijaitafuta, kwa sababu niliamka nayo kila siku. Jirani yetu pale Itigi alinunua ngozi, na birika lake la kuloweka lilikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Maji yale yana chumvi, nywele, damu ya zamani na mafuta yaliyooza. Nikatia mdomoni, nikaiweka chini ya ulimi, nikatoa pumzi kwa pua. Mbele ilichoma kidogo, ikawa kali na nyepesi, halafu ikaja ile ngozi, ikanilalia kooni kama ute. Mate yalinijaa. Nilihisi kama nimelamba kwato.

Nikamtazama Yohana. Alikuwa mlangoni na sinia, macho chini. Nikajua. Pipa lilikuja kavu, mbao zimeachana kwa jua, na Bwana Karli alikuwa amemwagiza Yohana alijaze maji safi ya tangi la stesheni siku tatu ili mbao zivimbe. Stesheni ni mbali. Birika la ngozi ni hapo hapo.

Wanasubiri, Shangazi. Nilitakiwa niseme neno moja tu, ambalo wewe ungelisema bila kupepesa. Nikafikiri juu ya kazi ya Yohana, nikamkumbuka mpishi wa kabla yake aliyechapwa barazani pale pale. Nikasema, "Nzuri, Bwana. Imekomaa."

Alifurahi kama mtoto. Akaijaza ile bilauri mpaka juu, akanirudishia, akasema ninywe, nimestahili. Sheria ikasahaulika. Nikanywa yote. Kila funda lilirudi mpaka kwenye meno nikalisukuma tena. Yule mama wa Kizungu akawa ananipigia makofi kwa upole, naye ya kwake ameshaimaliza nusu na kusema ina ladha ya nyumbani. Nilimwonea kinyaa yeye, na bia, na mume wangu. Kuliko wote nilijionea kinyaa mimi, maana nilikuwa naujua ukweli na ulikuwa umekaa kwenye ulimi wangu, na nikaumeza pamoja na uchafu wake.

Nilipoweka bilauri chini, Yohana akaweka sinia sakafuni. Sikutegemea. Miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kumwona akijitia hatarini kwa neno. Akasema, "Bwana, pipa lile nilililoweka kwa maji ya ngozi. Mke wangu anajua. Amekunywa kwa ajili yangu."

Yule mama alikimbilia ukingoni mwa baraza. Mumewe akatema alipoketi. Mimi nilishika nguzo, nikatapika kwenye maua ya Bwana Karli mbele ya watu wote, na leso ikaniangukia humo humo.

Bwana Karli hakumpiga Yohana. Aliinusa bilauri yake muda mrefu, kama mtu anayeitambua maiti. Kisha akaniuliza mimi, si Yohana, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nilikuomba kweli."

Niliinama kuokota leso yangu. Akaingia ndani. Jioni ile ile alimlipa Yohana siku zake, na asubuhi tukapanda lori la Singida.

Tumerudi nyumbani. Yohana analima shamba lako la chini. Hatukusemezana kwa siku nyingi, tukiogopana zaidi kuliko kukasirikiana, kisha siku moja aliniomba msamaha tukiwa tunapalilia, nami nikamwomba. Habari ilishafika kanisani. Mwalimu wa kanisa aliniuliza kama ni kweli nilikunywa, nikasema ni kweli, nimewekwa nje ya ushirika mpaka Pasaka. Hilo silalamikii.

Kinachoniamsha ni kingine, na ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Siku zile za mwisho, uji ulipokushinda, uliniomba kata moja ya pombe. Nilitaka kutuma kwa jirani, ukakataa, ukataka nipike mimi. Nami nilikuwa nimebatizwa mwaka ule, nikajiona safi. Nikakwambia, "Shangazi, mimi sasa ni mtu wa kanisa." Nikakuletea maji. Uliyashika mdomoni kama ulivyoonja kila kitu, ukasema, "Haya ni ya kisima cha juu," ukageukia ukutani. Hukuniomba tena kitu.

Kwako nilikataa kupika kilicho kizuri, kwa heshima ya dini. Kwa Mzungu nilikunywa uozo na kuusifu, kwa hofu. Nikiyaweka haya mawili pamoja, ile ladha hunirudia kooni, nami hutoka nje kutema mate.

Nisamehe, mama yangu. Sijui kama wafu husamehe, mwalimu hakutufundisha.

Juzi nililoweka mtama, leo umeanza kuchipua. Mwalimu nimemwambia mimi mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Alisema ataniombea. Pombe ikiiva nitakuletea kata ya kwanza kaburini, na iliyobaki watakunywa ndugu. Nakuahidi nitaionja mbele yao, na watakaponiuliza ikoje nitasema ilivyo. Ikiwa mbaya nitaimwaga hata kama wageni wamekaa.

Pumzika, Shangazi. Sitamdanganya mtu tena kwa ulimi ulionipa.

Mtoto wa kaka yako,
Salome