Nilizima gitaa ya mutoto wangu katikati ya wimbo

Maman Colombe, wewe unayejibu watu ku redio, nisaidie juu ya nimekwama. Mie niko na miaka septante-huit, ni kusema makumi saba na munane, nilizaliwa wakati Bukavu ingali na jina ya Wazungu, nimeona inchi inabadilika jina mara mbili, nimepita vita nisizohesabu tena, tetemeko ya udongo iliangusha nyumba ya jirani na yangu ikasimama, na wapiga muziki wote saba wa orkestra yetu Nguba Succès nimewazika, mie peke nikabakia, na sasa nimemuzika hata bibi yangu Marcelline, mama ya watoto wangu. Masomo nilikomea mwaka ya tatu ya shule ya musingi lakini barua hii naandika na mukono yangu, sikuomba mutu.

Mie sikuwa mwimbaji, nilikuwa mutu wa sono, ule anayefunga vyombo vya sauti. Toka Bukavu mupaka Uvira hakuna aliyenishinda kujua ampli na bafle, yale masanduku ya kutosha sauti kwa watu, niliweza kufunga macho nikuambie bafle gani karatasi yake imepasuka ndani, na ampli moja ya wakati ule ningali nayo chini ya kitanda, inawaka. Siku moja kule Sange tukiwa katikati ya dansi ampli ikaanza kukwaruza, nikaruka ku jukwaa nikang'oa kamba ya kuranti, ya umeme, kabla moshi itoke, na watu wote wa Sange wakanipigia makofi. Hayo makofi ninayo mupaka leo.

Sasa sikia. Mutoto wangu wa mwisho, Nsimire, iko na gitaa. Si rumba, si muziki ya kanisa, anatunga mwenyewe, anaimba kama mutu anaongea na ukuta, wanaita rock. Mama yake alipokufa, miaka mbili sasa, Nsimire alikuwa Kampala na barabara zilikuwa zimefungwa, akapiga simu kwamba Papa mungojee siku tatu, familia ikakubali, mie nikakataa, nikasema maiti haingojei mutu, tukazika. Alipofika, mahema ya matanga yalikuwa yameisha kuondolewa, akataka kuanguka pale ku mulango alie, nikamuambia simama, kilio imeisha ku hii nyumba, watu wamekwenda. Akasimama. Hakulia. Nilifikiri nimemufunza nguvu.

Sasa imepita miezi miwili toka aimbe ku sale moja ya muziki pale chini karibu na ziwa, siku ya Mungu, jumapili, saa nane ya muchana, juu ya siku hizi watu wanataka kufika nyumbani mbele ya giza. Alinipa kiti ya mbele kabisa, pembeni ya jirani yangu Maman Masika. Nikavaa koti ya orkestra. Nsimire akaja kuninyoosha kola, akaniambia polepole, "Papa, leo ukae tu." Nikacheka, nikamuambia sono yenu mumeifunga vibaya, sauti ya bafle ya kushoto iko chini. Na ilikuwa kweli.

Akaimba nyimbo nne, akaimba ya tano, vizuri, watu kimya. Ya mwisho akasema ni ya mama. Akaanza polepole, kisha akakanyaga kasanduku kadogo ka chuma kalikokuwa ku muguu, na gitaa ikalia, Maman Colombe, lakini si kulia ya gitaa, ilikuwa kukwaruza na kupasuka kama mutu anachana mabati, na yeye amefunga macho, hafanyi kitu. Nikasema ampli inakufa na hawa watoto hawasikii. Maman Masika akanishika koti, nikajivuta, mukono ya koti ikachanika, nikapanda na fimbo yangu, Thierry mupiga ngoma akanionyesha na mukono niache, nikamuona mujinga, nikang'oa kamba. Sale ikanyamaza. Nikasimama na kamba mukononi, nikangojea makofi.

Nsimire akafungua macho. Hakukuwa tena na mikro lakini kila mutu alisikia. "Papa, hii ni mara ya pili unanikatia kilio ya mama."

Akaweka gitaa chini, akatoka.

Toka siku ile haniongeleshi. Anakaa kule juu Kadutu kwa rafiki. Nimemutuma katekista, nimemutuma dada yake mukubwa Carine, wote wanarudi na jibu moja: aseme kwanza alizima nini. Nami nawajibu nilizima ampli iliyoharibika, sikio yangu haijadanganya hata siku moja. Mwisho wa mwezi hii anarudi Kampala na amesema huku hatakanyaga tena. Nakaa ku kiti ya Marcelline toka asubui, chakula haipiti. Watu wote nimewazika, Maman, na mie nani atanizika? Na Nsimire akichelewa tena, nani atamuambia, lia?

Kama kuna atakayesema nimedanganya, aulize Maman Masika, koti yangu ingali na alama ya vidole yake. Aulize na Thierry. Wote wawili walikuwepo.

Papa Adalbert, mutu wa sono, Nguba Succès

*

Papa Adalbert, barua yako nimeisoma mara tatu. Pole kwa Maman Marcelline, pole ya kweli. Sasa tuongee.

Sikio yako ni nzuri, hakuna anayebisha, na ndiyo sababu hauna pa kujificha. Ulisikia bafle ya kushoto, ulisikia kuranti, mutoto wako aliyesimama hatua tano mbele yako ukakosa kumusikia. Ampli haikuharibika. Kale kasanduku kazi yake ni hiyo, kupasua sauti, na Nsimire alikakanyaga kwa kutaka, kwa sababu kilio uliyomukatalia ku mulango ilibidi itokee mahali. Wewe ni muzee, kwa nini nikufunze? Aliyechelewa mazishi, wamama wanamushika mukono, wanamupeleka ku kaburi, wanamuacha alie mupaka achoke mwenyewe. Hakuna anayemuinua. Wewe umemuinua mara mbili, na mara ya pili ukangojea makofi.

Mashahidi wako nimewapokea, Papa, lakini hao wanajua tu uliyoyafanya. Ile wimbo ingeishia wapi, anajua Nsimire peke.

Basi, usimutume tena mutu. Katekista apumzike. Jumamosi asubui panda Kadutu na miguu yako, keti njiani mara kumi kama inabidi, koti ya orkestra uiache nyumbani. Ukifika usimuelezee Sange. Useme: nilizima kilio yako, na ile ya kwanza pia ni mie niliyekunyima. Kisha unyamaze. Asipofungua, useme hayo hayo ku mulango, urudi, na kesho yake upande tena mupaka siku atakayosafiri. Sikuahidi kitu. Kuna watoto ambao hawafungui, na wako na haki.

Akifungua, umuombe aje nyumbani na gitaa yake, siku moja tu, mbele ya kurudi Kampala. Umuite Maman Masika akae karibu yake. Toa ile ampli chini ya kitanda, na wewe uliyeng'oa kamba uiingize na mukono yako mwenyewe. Kisha ukae, mikono yote miwili ku magoti. Majirani wakilalamika, walalamike. Ampli ikianza kukwaruza, ikwaruze. Ikitoka moshi, Papa, uache itoke.