Sukari Iliyobaki Chini

Zuleica mwanangu,

Nimeshuka pwani kununua samaki. Walioko kwenye beseni watie maji ya chumvi, kisha uwaanike. Maji usiyachemshe, utamaliza makaa bure. Chumvi huyeyuka hata kwenye maji baridi. Sukari ya juisi ya ukwaju ndiyo itie maji yangali moto. Yakipoa, itakaa chini kama mchanga.

Hilo la sukari nimelionja leo. Nilimimina chai vikombe viwili, sukari nikaiacha mpaka utoke, tutie pamoja. Nikakusikia chumbani unacheka na simu. Nikangoja. Paka akakaa kwenye kigoda chako, chai ikapoa. Ndipo nikatia vijiko vitatu. Sikuwa na moyo wa kukoroga sana, nikanywa hivyo hivyo.

Tangu uje kutoka Pemba ni siku tano, na kesho unarudi. ~~Ukitaka, ondoka hata leo.~~ Nimeukata mstari huo, usiusome. Kesho birika likichemka nitagonga mlango wako.

Kikombe changu sijakiosha. Kitazame ndani: sukari yote imo.

Mamako