Aliyetoka Mbio na Damu Mikononi

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama hajambo? Na mgongo wako je? Naandika nikiwa nimelala ubavu, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Nitapona, usishtuke.

Jumatano nilikuwa kituoni, kwenye chumba changu cha ushauri, na mmoja wa watu wetu. Alikuwa ameanza kuacha dawa za kulevya na mwili ulikuwa unamdai. Nilimwambia neno ambalo hakutaka kulisikia. Akavunja kioo cha dirisha kwa kiwiko, akachomoa kipande kirefu, akanirukia. Nilikinga uso. Kioo kikaingia kiganjani kikatokea upande wa pili, kisha akanichoma chini ya mbavu, akarudia tena. Nilisikia kipande kikikatika ndani yangu. Nikaanguka kati ya kiti na ukuta, naona viatu vyake tu, halafu hata viatu sikuviona.

Kuna mtu alinibeba hadi barabarani, akasimama mbele ya gari mpaka likasimama. Daktari anasema ningechelewa kidogo ningeishia njiani.

Mama mwambie ni ajali ndogo. Utajua namna.

Binti yako


9 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku sote wazima, wa mwili. Mama yako nilishindwa kumdanganya. Alinitazama usoni akaketi pale pale mlangoni, na chakula kikaungua.

Nataka majina mawili. La aliyekubeba, nije nimpe mkono. La aliyekuchoma, hilo ndilo nalitaka zaidi. Miaka yote nimechomelea vyuma, mikono hii inapinda nondo. Nitamvunja vidole kimoja kimoja, kisha magoti, halafu tuone kama atashika kioo tena. Baba yako mdogo ameshajaza mafuta kwenye gari. Usinieleze habari za polisi. Polisi hawakukulea.

Pumzika, ule vizuri, uandike hayo majina.

Baba yako


15 Machi

Baba,

Shikamoo. Homa imeshuka na jana nimetembea hadi dirishani. Nawashukuru kwa dua zenu.

Majina sikupi. Kazi yetu ina kiapo, Baba, na kiapo chenyewe kinaanzia getini: nani ameingia kituoni na nani hajaingia, hatusemi. Mtu akijulikana tu kwamba anakuja kwetu, anafukuzwa kazi, mkewe anaondoka, wanawe wanazomewa shuleni. Polisi nimewatajia aliyenichoma, kwa sababu nikishambuliwa naruhusiwa. Wanamtafuta. Aliyoniambia siku za nyuma sikuwaambia. Wewe si polisi. Usiniulize aliyenichoma, wala aliyenibeba.

Siri hiyo ina mahali inapokwisha. Tukisikia mtu anapanga kumdhuru mwenzake, tunalazimika kusema. Barua yako ingetoka kwa mtu ninayemshauri, ningekuwa nimeshapiga simu. Nimeichana. Ikija nyingine ya namna hiyo nitaipeleka kituo cha polisi, na unisamehe.

Kaa nyumbani na Mama. Nakuomba.

Binti yako


2 Aprili

Mwanangu,

Natumaini kidonda kinafunga. Mimi naandika kutoka mahabusu. Nakula, nalala, usihangaike.

Hukunitajia, nikaja mwenyewe. Mlinzi wenu wa getini anapenda kuongea kuliko kulinda. Nilimnunulia chai, na kabla hajamaliza kikombe akanieleza kwamba siku ile kuna mmoja wa watu wenu, wanamwita Kofia, alitoka mbio na damu hadi viwikoni. Niliinuka kabla hajamaliza kusema. Ningetaka nini zaidi?

Tulimngoja nyuma ya gereji anakopaka magari rangi. Baba yako mdogo alimkaba kwa nyuma. Nilianza na goti la kulia, kwa nondo, likapasuka kama ubao mkavu. Nikaenda la pili. Alipoanguka nilimkanyaga mkono kwenye ukingo wa saruji, nikavipiga vidole mpaka vikalala upande ambao vidole havilali. Alikuwa anasema, "Mzee, nisikilize. Mzee, nisikilize." Nikampiga mdomoni anyamaze. Meno yakamtoka. Sikuacha mpaka baba yako mdogo aliponivuta, naye analia.

Sasa sikia. Wakili anasema tujitetee kwamba yule ndiye aliyetoa kisu kwanza. Anataka uje mahakamani useme ni teja, hasira zake unazijua, ugomvi wake alishakusimulia. Ukisema hayo natoka. Haya nimeyafanya kwa ajili yako.

Baba yako


10 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, sijui nikujulie hali vipi.

Siye. Uliyempiga siye aliyenichoma. Aliyenichoma alikamatwa wiki iliyopita, amejificha kwa dada yake.

Wakili wako alikuja na maelezo ameshayaandika, anataka sahihi tu. Nikamwambia sisemi kama mtu huyo namfahamu au simfahamu. Akauliza, "Hata kumwokoa baba yako?" Nikamwambia hata. Shangazi alikuwa amesimama hapo. Alinipiga kofi mbele ya wauguzi, nikagonga kitanda, mshono ukafumuka. Mama hanisemeshi. Mlinzi amefukuzwa kazi, maana na yeye alikula kiapo kile kile.

Barua yako ile nilipaswa kuipeleka polisi. Niliichana kwa sababu ni yako, na mtu mwingine amelipa kwa magoti yake.

Binti yako


21 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, na sasa sina wa kumkasirikia.

Niliona hukuja mahakamani. Yule mtu aliingia kwa magongo. Wakili wangu akamuuliza kama ni teja. Hakimu alitaka kulizuia swali, yeye akasema, "Niacheni nijibu. Nilikuwa natumia, ndiyo, na pale kituoni nilikuwa nakwenda. Hayo ni yangu, nikitaka nayasema. Siku ile nilikuwa kwenye benchi nangoja zamu, nikasikia kioo. Nikamkuta mshauri yuko chini, nikambeba. Damu mliyoambiwa ilikuwa yake." Kisha akanigeukia. Midomo yake haifungi vizuri. Akasema, "Ndiyo niliyokuwa nataka kukwambia, mzee."

Niliukamata ubao wa kizimba. Nikamwambia wakili akae chini. Nikamwambia hakimu hapakuwa na kisu, nilimpiga mtu ameshaanguka, na ningeendelea. Nimepewa miaka sita. Baba yako mdogo miwili.

Humu nilipokelewa kwa mateke. Walinivunja ubavu bafuni, mmoja akanisugua uso kwenye sakafu mpaka ngozi ikabaki hapo. Nondo ningeweza kuipinda, lakini mkono sikuuinua.

Nilisema nitakuja nimpe mkono aliyekubeba. Sasa hana vidole vya kushikana na mtu.

Niambie kitu kimoja tu, sitakuuliza kingine. Anarudi kituoni kwenu? Au nimemrudisha kwenye dawa? Nikifumba macho namsikia ananiomba nimsikilize.

Baba yako


3 Septemba

Baba,

Shikamoo. Pole kwa ubavu. Mwombe daktari wa gereza akufunge, na ulale ubavu ule mzima. Mimi nimerudi kazini. Chumba changu wamekiwekea dirisha jipya, na kiti changu nimekisogeza karibu na mlango. Mtu akiinuka ghafla bado moyo unanipasuka, namwomba akae, naye anakaa. Mama ameanza kunisemesha, ingawa ni habari za sabuni na mafuta ya taa tu.

Umeniuliza kama yule mtu anarudi kituoni. Siwezi kukujibu, Baba. Nimeandika majibu yote mawili, la ndiyo na la hapana, kwenye karatasi nyingine nikaiunguza, ili lile la kweli lisinitoke. Najua unavyoteseka. Ukitaka kumwomba radhi, mwombe afisa wa magereza aipitishe barua yako mahakamani, nao watamuuliza kama anataka kuipokea. Asipotaka, utakaa na hilo. Mimi usinitume kwake.

Jumamosi ijayo nakuja na Mama. Tutakapoonana usiniulize ya kituoni. Niulize nalalaje, nakula nini, kama bado nakuogopa. Hayo nitakujibu yote, mpaka watuambie muda umekwisha.

Binti yako