Panya wa Lubumbashi na Gauni la Tantine

Jumamosi, Kamina. Mvua ya kwanza imenyesha mchana, fupi, ikaacha harufu ya udongo na joto lilelile. Moyo wangu ni mzito.

Leo nimewakumbuka panya wangu.

Anayenijua hapa ananijua kama mwalimu wa biolojia. Kabla ya hapo nilifanya kazi Lubumbashi, katika maabara ya chuo, nikitunza panya weupe wa ukoo unaoota uvimbe kwenye matiti. Tulitaka kujua saratani ya matiti inavyoanza na inavyosambaa. Huwezi kukaa tu ukitazama uvimbe wa mwanamke ukikua, kwa hiyo tuliwatazama panya. Kila asubuhi niliingia, nanusa maranda na mahindi, nawaamkia kwa Kiluba, "Wakamapo," kisha namshika mmoja mmoja na kumpapasa kutoka shingoni hadi mapajani, maana matiti ya panya yameenea huko kote. Vidole vyangu vilitambua punje chini ya ngozi kabla macho hayajaona kitu. Nilikuwa kijana, nikijiona mtu muhimu sana. Ilikuwa miaka mitamu.

Tantine Feza, dada ya baba yangu, ndiye aliyenilea hapa Kamina. Nilipomwambia kwa simu kwamba natunza panya, aliitangazia kwaya nzima ya kina mama kanisani kwamba mtoto wake ana ufugaji wa mpuku mjini. Kwetu mpuku, panya wa porini, ni kitoweo cha bukari, ugali wetu, basi nilipokuja likizo nikapokewa na kina mama wenye sahani, wakiuliza kama wangu nimewakausha kwa moshi au bado wabichi. Nilipoeleza kwamba hawaliwi, mmoja alisikitika kweli kweli. Tantine alicheka mpaka akakaa chini.

Leo asubuhi aliniita nimrekebishie gauni jipya la kwaya. Mimi nabana pini, yeye amesimama mikono juu, akinitania kwamba nikinenepa hivi la kwangu litahitaji vitenge viwili. Nikapitisha mkono chini ya kwapa lake la kushoto.

Vidole vikasimama.

Kwetu Waluba shangazi ni baba wa kike, na baba hapapaswi kifua. Ningeweza kuhamisha pini na kuendelea na habari ya mikono ya gauni. Lakini nilirudisha vidole, nikabonyeza tena: kitu kigumu, hakisogei. Akashusha mikono polepole. Sikuona mshangao usoni mwake, nikajua kwamba alikuwa anajua. Baadaye akakiri: alikigusa tangu kiangazi, na alikuwa anaomba na kungoja kipotee.

Nilimwambia si kila uvimbe ni saratani, lakini lazima upimwe, na Lubumbashi nawajua watu wa kutusaidia. Akakataa. Safari ni ndefu, sikukuu ya kwaya imekaribia, mwili ni wa Mungu. Tukabishana, yaani mimi nilibisha, yeye akakunja gauni. Kisha akaketi, akaniuliza bila utani wowote:

"Bale bapanya yako, kama balipata uvimbe, mulikuwa munabapa dawa?"

Uongo ulinijia mdomoni, mwepesi kabisa. Nikamwambia ukweli: hapana. Tuliwaacha. Tulipima uvimbe ukikua, ukiwa mdogo umetulia mahali pake, mpaka umefika mapafuni, halafu tukawaua ili tuone ndani. Sikuwa nimewahi kuyasema hayo kwa mtu wa nyumbani. Nikalia, kwa ajili yake, na kwa ajili yao pia, ingawa ni aibu mtu mzima kulilia panya.

Kisha akasema:

"Njo vile. Bapanya banamaliza ile kazi ya kuonyesha kungojea kunafikisha wapi. Miye niko nangojea nini?"

Jumatatu tunapanda gari la Lubumbashi. Amekwisha kumwomba mwimbaji mwenzake amwangalizie kuku.

Naogopa. Maabarani kazi ya mikono yangu iliishia kwenye kugundua: nikishaandika, namrudisha panya kizimbani na kumchukua mwingine. Sasa ninaye mmoja tu, na hakuna mwingine wa kuchukua. Je, mikono hii inajua la kufanya baada ya kugundua?