Kisanduku cha Tatu, kwa Ndululu

Alhamisi, 13 Novemba 2025

Maji ya mto yalimchukua dada yangu Kathini juzi Jumanne, tarehe 11, saa kumi na dakika kumi na nane jioni. Walimpata jana asubuhi, kilomita mbili chini, amenaswa kwenye miti. Miaka thelathini na minne.

Dakika ninaijua. Jirani yetu Mbithe alikuwa ukingoni, akanipigia akilia, na simu imeandika saa.

Kathini alikuwa ndani ya kisima cha mchangani. Miezi hii kabla ya mvua kufika huku chini, maji yako mbali – unachimba mchanga mpaka unazama kichwa, unateka kwa kikombe. Ukiwa mle husikii mto ukija. Ndiyo maana nilitengeneza king'ora.

King'ora kililia saa kumi na dakika ishirini na mbili. Dakika nne baada ya maji.

Sijalia bado. Nahesabu tu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nimefunga kibanda changu cha kutengeneza simu. Nimetembea mto mzima na laptop kwenye gunia, nikasoma visanduku vyote vya king'ora isipokuwa kimoja.

Viko vitano, kilomita tisa, kutoka vilima vya upande wa Nunguni hadi kwetu. Cha kwanza kina boya. Maji yakipanda, kinatuma neno. Vingine vinapokezana tu, kama ndoo kwenye foleni, mpaka cha tano kipige king'ora pale shuleni. Redio zake ni ndogo sana, hazifiki zaidi ya kilomita mbili na nusu, tena zikiwa zinaonana. Na ili betri zidumu, vinalala. Kiangazi vinaamka kusikiliza mara moja kwa saa – betri miaka mitatu. Mvua ikikaribia, vinatakiwa kuamka kila dakika – betri miezi mitano. Kubadilisha ni kwenda na waya wake maalumu, kuuchomeka kisandukuni, kubonyeza. Dakika mbili kwa kila kisanduku.

Kazi hiyo kamati ya mto ilimpa Mulwa, katibu wao, mume wa Kathini. Nilimpigia Ijumaa iliyopita. Shemeji, mawingu yamekaa vilimani, badilisha. Jumapili tukitoka kanisani akaniambia: "Tayari shemeji, vyote. Sasa uwache kunisumbua kama mke wa pili." Tulicheka. Kathini alicheka kutushinda.

Leo kumbukumbu zinasema hivi. Cha kwanza kiliona maji saa tisa na dakika thelathini na moja. Cha pili kilipokea dakika moja baadaye. Halafu cha pili kikaanza kuita cha tatu. Kikaita kila dakika. Mara arobaini na nane. Hakuna aliyejibu mpaka saa kumi na dakika ishirini.

Kama cha tatu kingekuwa macho, king'ora kingelia saa tisa na dakika thelathini na tano ikichelewa sana. Dakika arobaini na tatu kabla ya maji. Kathini alihitaji mbili za kupanda.

Mara arobaini na nane. Hapo ndipo nililia, nimekaa kwenye mchanga, laptop mapajani.

Jumamosi, 15 Novemba

Cha tatu kiko kwa mzee Ndululu, juu ya mgongo wa kilima. Hakuna mahali pengine. Cha pili na cha nne havionani bila hapo.

Alinipokea langoni mwenyewe, kofia mkononi. Pole mwanangu, pole sana. Nikamuuliza kama Mulwa alikuja wiki iliyopita na waya. Akatikisa kichwa.

"Huyo? Tangu kesi ya mpaka wa mashamba yetu hajakanyaga hapa. Miaka sita. Tukikutana sokoni anavuka barabara. Mbuzi wake akiingia kwangu, anatuma mtu aje kumfukuza."

Nikachomeka waya wangu. Cha tatu hakijaguswa na waya wowote tangu mwezi wa Mei. Bado kilikuwa kinaamka mara moja kwa saa, mvua ikinyesha vilimani. Nikakibadilisha hapo hapo. Nilikosea kubonyeza mara mbili.

Vingine vinne vyote viliguswa Jumamosi tarehe 8. Cha kwanza saa mbili na dakika kumi. Cha pili saa tatu kasoro nane. Cha nne saa nne na dakika tano. Cha tano saa tano kasoro ishirini. Mulwa aliruka kimoja, akazunguka kilima chote kwa barabara ili asipite langoni kwa mtu.

Mbithe ni mke wa Ndululu. Alinilazimisha ninywe chai. Akasema wao wanawake ugomvi wa mpaka hauwahusu, Kathini alikuwa akija kila wiki. Jumatatu, siku moja kabla, alikuja. Labda Mulwa alimtuma yeye; nikauliza, alikuwa na waya mkononi? Hapana, akasema Mbithe. Alileta mbegu za kunde kwenye kitambaa. Basi.

Kisanduku kiko hatua ishirini kutoka jikoni kwake.

Jumapili, 16 Novemba

Sikuenda kanisani.

Niandike na langu, maana hapa hakuna wa kunisikia. Ningeweza kuvitengeneza vibadilishwe kwa amri ya redio, nikiwa nimekaa kibandani. Kila saa vikiamka vingesikia. Betri isingeumia hata kidogo, nilishapiga hesabu hiyo mwaka juzi. Nilikataa makusudi. Nilitaka mtu avitembelee, ashike kila kimoja kwa mkono, aone siafu, aone antena imelegea. Kitu kisichotembelewa kinakufa, nimejifunza hivyo kwenye simu za watu, si chuoni, chuo sikuingia.

Nilipima vilima. Nilipima betri. Lango la Ndululu sikulipima, na nilikuwa nalijua. Kila mtu hapa analijua.

Jumatatu, 17 Novemba

Nimemkuta Mulwa kwake, amekaa na watu wa kamati ya mazishi. Amekonda. Nikamwita kando, nyuma ya tangi.

Shemeji, cha tatu?

Kwanza akasema huu si wakati wa mambo ya betri. Halafu akasema alikibadilisha, labda mashine imesahau. Nikamwambia mashine yangu haisahau, imeandika Mei. Akafuta uso kwa shati. Halafu, polepole:

"Waya nilimpa Kathini. Jumamosi jioni. Yeye ndiye anaingia kule. Nilimwambia amalizie hicho kimoja."

Nikamuuliza waya uko wapi sasa.

"Si ulienda na maji. Alikuwa nao."

Kathini aliyebeba mbegu za kunde hadi jikoni kwa Mbithe asahau waya? Mtu aliyekuwa akiteka maji mle mle mtoni? Au hakupewa. Au alipewa akaambiwa ni kitu cha kesho, si haraka. Sijui. Ninaandika sijui kwa sababu sijui.

Najua tu kwamba kumwekea maiti kosa ni rahisi. Maiti hajibu.

Mwaitu, mama yetu, alitupita na sufuria, akatuangalia, akaniambia, "Nthenya, mwache mwanaume aomboleze."

Jumatano, 19 Novemba

Wameleta programu ya mazishi kutoka kwa mchapishaji. Karatasi nzuri, picha ya Kathini na kilemba cha kwaya. Ukurasa wa pili, historia ya marehemu, itasomwa na mumewe. Mstari wa mwisho: *alikutwa na mafuriko baada ya mitambo ya tahadhari kukosa kufanya kazi.*

Na mwenyekiti wa kamati ya mto amenipigia. Kwa heshima zote, madam, kesho baada ya mazishi tutakaa hapo hapo tupitishe visanduku vitolewe. Watu wameogopa. Heri kukosa kuliko kudanganywa. Nikamwambia vinafanya kazi, vyote vitano, kila dakika, tangu Jumamosi. Msimu wa mvua umebaki wiki nne. Nyumba mia moja na arobaini zinateka kwenye mto ule. Akasema, "Katibu ndiye mwenye mitambo, na katibu amesema ilikataa."

Kwa hiyo ni mdomo wa Mulwa. Hakuna kingine.

Nimeandika ujumbe, nikafuta, nikaandika tena. Sikuweka matusi. Huu ndio niliotuma saa kumi na mbili na robo:

Shemeji. Sitaki pesa wala sitaki kukupeleka kwa chifu. Kesho jeneza linatoka nyumbani saa nne. Ukisimama kusoma ile karatasi kwamba mitambo ilikataa, watatoa visanduku, na kisimani atakuwa mke wa mtu mwingine. Nakuuliza kitu kimoja, na nataka neno moja, ndiyo au hapana, kabla ya saa tatu asubuhi: ule waya, ulimpa dada yangu?

Ameusoma. Alama zimegeuka bluu. Anaandika. Ameacha. Anaandika tena.